Mgahawa wa Mlango wa Buluu Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Jumamosi ile tulipotoka familia nzima na kurudi nyumbani nguo zikinukia kitunguu saumu na moshi wa mkaa, simu yangu haijapumzika. Ndugu wa Kasulu, mashemeji wa Tabora, majirani hapa Mwanga, wote wanauliza mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa, nikaanza na ya msingi na kumalizia na yale ya pembeni. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine nimekuelekeza, ili nisirudie.

## Mahali penyewe

Ni mgahawa gani huo, na uko wapi?

Ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa sehemu ya kulia, upande wa Bangwe, kwenye mteremko unaoangalia Ziwa Tanganyika. Una meza 6 tu, zote uani chini ya mwembe. Chakula wanachopika ni cha nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea: Ugiriki, Lebanoni, Italia, Moroko na jirani zao. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoingia jikoni, hata hivyo, vinatoka hapa hapa mkoani na mikoa ya jirani.

Ukuta umepakwa chokaa nyeupe. Mlango na madirisha ni ya buluu, na rangi hiyo ni mabaki ya kopo lililopaka mtumbwi wa kaka yake mwenye mgahawa. Ukikaribia unaona michirizi ya brashi, na chini kabisa ya mlango kuna sehemu ambayo rangi iliwaishia, mbao ikabaki mbao.

Mliupataje, kama hauna hata kibao?

Tuliokota dodo chini ya mwarobaini. Asubuhi tulikuwa Ujiji, kwenye makumbusho pale ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Watoto walikuwa wamesoma habari hiyo shuleni na walitaka kuuona mwembe. Tulikuwa watu 9: mama yangu (watoto wanamwita Bibi, nami nitamwita hivyo humu), mimi na mume wangu, wifi yangu, kaka yangu, na watoto 4. Mpango ulikuwa kumalizia siku Bangwe, tukae kwenye mawe tutazame jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Tulikuwa na bajaji mbili. Ya mbele, aliyopanda Bibi, ikapata pancha. Dereva akatuomba radhi, akaanza kufungua tairi, nasi tukashuka tukamtafutia Bibi kivuli. Tukiwa tumesimama pale, wifi yangu akasema, "Kuna mtu anachoma biringanya." Harufu ya biringanya inayoungua ganda si ya kawaida mtaani. Mishikaki tunaijua, mahindi tunayajua, lakini biringanya? Tukafuata harufu kwenye kichochoro, ukuta wa matofali mkono wa kushoto, nguo zimeanikwa mkono wa kulia, hadi kwenye mlango wa buluu uliokuwa wazi nusu.

Kaka yangu akabisha hodi. Mama mmoja akatoka ameshika koleo la mkaa, akamwona Bibi, akaliweka chini koleo kwanza. "Shikamoo Bibi. Karibuni, kuna chakula." Bibi akaitikia marahaba na kuuliza kama kuna kiti. Tulikaa kwa muda wa saa 3. Dereva wa bajaji naye akaja akala, na jua tuliliona likizama tukiwa pale pale.

Mbona hutaji jina lake wala hutoi namba ya simu?

Jina hauna. Mwenyewe anapika na binti yake na kijana mmoja wa kuwasha mkaa, na akijaza meza 6 amefika mwisho wa uwezo wake. Nilimwomba ruhusa ya kueleza chakula chake akakubali, akaniomba nisitoe namba. Namheshimu kwa hilo. Madereva wa bajaji wanaosimama upande wa Bangwe wanapajua kwa "mlango wa buluu".

Nikitoka mjini nafikaje?

Kwa bajaji au bodaboda moja kwa moja. Ukiwa na mzee au watoto wadogo chukua bajaji, maana kipande cha mwisho ni mteremko wenye mawe. Kichochoro chenyewe gari haliingii. Anayekuja kwa treni kutoka Tabora au Dar es Salaam ashuke stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914. Akitoka nje ya jengo, bajaji zipo.

## Chakula chenyewe

"Chakula cha Mediteranea" maana yake nini hasa?

Mediteranea ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote, Ulaya kaskazini, Afrika kusini, Asia mashariki. Wengine kwa Kiswahili huiita Bahari ya Kati. Watu wanaoizunguka hawana dini moja wala lugha moja, lakini majiko yao yanafanana kwa mambo machache: mafuta ya zeituni, mkate wa ngano, samaki, jamii ya kunde, mboga nyingi, limau, kitunguu saumu, jibini na maziwa mgando. Nyama ipo ila haitawali sahani.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ulaji huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Uhispania, Ugiriki, Italia na Moroko. Mwaka 2013 zikaongezwa Kupro, Kroatia na Ureno. Kilichotambuliwa kinavuka mapishi: kinagusa pia kulima, kuvua, kuhifadhi, na zaidi ya yote kukaa pamoja na kula pamoja. Niliposoma hilo nilikumbuka sinia la nyumbani kwetu. Pale kwa mlango wa buluu chakula kinakuja hivyo hivyo, sahani katikati ya meza, kila mmoja anamega mkate na kuchovya.

Mlikula nini?

Nitataja kwa mpangilio ulivyoletwa.

Kwanza humusi, yaani dengu zilizochemshwa zikasagwa pamoja na ufuta, limau na saumu hadi zikawa laini kama uji mzito. Katikati wamechimba kishimo wakamimina mafuta ya zeituni. Dengu zinatoka upande wa Shinyanga. Kisha biringanya ile iliyotuita: inachomwa nzima juu ya mkaa hadi ganda liwe jeusi na ndani ilainike kabisa, inamenywa, inapondwa na saumu na chumvi. Ina ladha ya moshi ambayo hakuna kiungo kinachoweza kuigiza.

Kachumbari yao ina matango, nyanya, vitunguu, zeituni na jibini jeupe la chumvi. Kuna nyingine ya majani, nanaa na giligilani iliyokatwakatwa mno, ikachanganywa na ngano iliyopasuliwa, ile ile tunayopikia bokoboko. Maziwa mgando yaliyoning'inizwa kwenye kitambaa usiku kucha hadi maji yakatoka yakabaki mazito, yamewekewa tango na saumu.

Halafu samaki: mgebuka wa kuchoma na sahani ya dagaa (dagaa wanastahili swali lao, tazama hapa chini). Mgebuka alipasuliwa mgongoni, akapakwa mafuta na chumvi ya Uvinza, akachomwa bila kiungo kingine chochote, na limau likakamuliwa akiwa bado anachirizika.

Na mkate. Nilisimama kando ya tanuri kuutazama. Ni tanuri la udongo, dogo, mdomo wake hauzidi ungo. Binti anatandaza donge liwe jembamba kama chapati, analitupia ndani juu ya jiwe la moto, na kwa sekunde chache hakuna kinachotokea. Kisha kipovu kimoja, kingine, na ghafla mkate wote unavimba kama chura aliyekasirika. Mvuke ndio unaotenganisha tabaka mbili. Akiutoa unashuka taratibu, ukiumega ndani kuna mfuko. Mwanangu wa mwisho alikula mitatu kabla samaki hajafika.

Tulimalizia na andazi dogo la tabaka za unga mwembamba, karanga zilizosagwa, na asali ya Tabora.

Kwa nini unawasifia dagaa kuliko vyote?

Kwa sababu ndipo nilipoelewa mgahawa ule unafanya nini.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni ndugu wa sardini wa baharini. Asili yao ni samaki wa bahari, ingawa leo wanaishi kwenye maji baridi maelfu ya maili kutoka Mediteranea. (Dagaa wa Mwanza ni wa kundi lingine kabisa, ndiyo maana mtu wa Kigoma hakubali kuwalinganisha.) Miaka ya 1960 aina moja ya hawa wa kwetu ilipelekwa kupandikizwa Ziwa Kariba, na huko wanaitwa kapenta.

Sasa, katika miji ya pwani ya Ugiriki, Italia na Uhispania, moja ya vyakula vya watu wa kawaida ni samaki wadogo waliopitishwa kwenye unga, wakakaangwa wazima na kuliwa na limau, kichwa na mkia. Mama wa mlango wa buluu anafanya hivyo hivyo kwa dagaa wabichi wa usiku huo huo. Anawaosha mara moja, anawakausha kwa kitambaa, anawapitisha kwenye unga wa ngano wenye chumvi, anawatumbukiza kwenye mafuta ya alizeti yaliyochemka kweli kweli, anawatoa kabla hujamaliza kuhesabu hadi 60. Wanalia mdomoni kama majani makavu. Nimekula dagaa maisha yangu yote, wa mchuzi, wa mawese, wa kukausha, na sijawahi kuwala hivyo.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye jiko la hoteli Zanzibar, chini ya mpishi Mgiriki. Siku moja mpishi huyo alimwambia kwao kuna samaki wadogo wanaoliwa hivyo na akamwonyesha. Yeye akanyamaza, akawaza dagaa wa kwao. Hapo, aliniambia, ndipo alipoamua kurudi Kigoma.

Mafuta ya zeituni yana tofauti gani na mawese yetu?

Yote mawili yanakamuliwa kwenye tunda lenyewe. Alizeti na ufuta vinakamuliwa mbegu. Zeituni husagwa nzima, mafuta yakatenganishwa na maji. Mawese, mnajua, chikichi huchemshwa kwanza.

Mawese ni mekundu kwa sababu yana karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa upande mwingine, karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina ile inayoganda, ndiyo maana asubuhi ya baridi yanakuwa mazito kwenye chupa. Ya zeituni hubaki maji, na ya aina hiyo inayoganda ni kidogo. Kwa ladha hayafanani kabisa: ya zeituni yana uchungu mdogo na yanawasha kooni kidogo mwishoni. Hiyo ni dalili nzuri, usidhani yameharibika.

Pale kwa mlango wa buluu ya zeituni yanamiminwa mwishoni tu, kijiko au viwili, kwa kuwa yanatoka mbali na ni ghali. Kukaangia ni alizeti. Na wana sahani moja ya maharage ya Kasulu yenye nyanya, ambayo wenzetu wa Ugiriki huipika kwa zeituni. Yeye anaimalizia kwa mawese. Kaka yangu alisema hiyo ndiyo bora kuliko zote. Mimi nabaki na dagaa.

Zeituni ni zambarau?

Hapana. Nauliziwa hili sana na wenye watoto, na sababu naijua: nyeusi zile zinafanana mno na zambarau kwa macho. Mtoto wa wifi yangu alichukua 4 kwa mkupuo akazitia mdomoni zote. Uso wake uligeuka. Alitarajia utamu, akakutana na chumvi.

Zeituni mbichi kutoka mtini hailiki kwa uchungu. Lazima ilowekwe kwenye maji ya chumvi kwa wiki nyingi ndipo uchungu utoke. Mwambie mtoto mapema, na mwambie pia kuna kokwa ndani. Za kijani na nyeusi mara nyingi ni tunda lile lile, tofauti ni kuiva.

Hiki si chakula cha Wazungu? Sisi tuna ugali wetu.

Bibi aliuliza hivyo hivyo, na alipokaa alitangaza kwamba atakunywa chai tu.

Kwanza, nusu ya bahari ile ni ya Waarabu, Waberberi, Waturuki na Wamisri. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na vyakula vingi tunavyoviita vya kwetu vilikuja na safari hizo. Pili, muhogo tunaosongea ugali huku Kigoma asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioufikisha Afrika. Nyanya nayo asili yake ni huko Amerika. Wataliano hawakuijua kabla ya karne ya 16. Kila jiko lina wageni waliozoea wakawa wenyeji.

Lakini kilichombadilisha Bibi hakikuwa hoja yangu hata moja. Alipoletewa zeituni kwenye kisahani akauliza ni nini. Mama wa mgahawa akamwambia. Bibi akaishika moja kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, akasema polepole, "Wattini wazzaytuni." Ni mwanzo wa sura ya 95 ya Kurani, naapa kwa tini na zeituni. Ameisoma tangu akiwa mtoto chuoni Ujiji, zaidi ya miaka 70, na hakuwa amewahi kuiona zeituni. Wifi yangu, ambaye ni Mkristo, akasema naye ameimba habari za Mlima wa Mizeituni tangu Shule ya Jumapili na hilo lilikuwa tunda lake la kwanza. Wakala pamoja, mmoja mmoja, hawakusema neno kwa dakika nzima. Baada ya hapo Bibi alikula kila kitu kilicholetwa.

## Kwenda na familia

Watoto watakula?

Watakula mkate, humusi, dagaa na samaki. Majani na biringanya wengi wataacha, usiwalazimishe. Uani kuna nafasi ya kukimbia, lakini upande wa chini ua haujafungwa na mteremko unaelekea ziwani, kwa hiyo mtu mzima mmoja akae upande huo. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na pwani yake penye mawe huzama ghafla. Mtoto asishuke peke yake.

Na wazee wasio na meno?

Humusi, biringanya, maziwa mgando mazito na maharage havihitaji kutafunwa. Mkate uchovywe. Omba kiti chenye mgongo mapema, vipo viwili tu.

Bei ikoje?

Sisi 9 pamoja na dereva tulilipa shilingi 112,000 na tukabeba mkate. Ukilinganisha na wali na samaki wa mama lishe ni ghali. Ukilinganisha na hotelini ni nafuu. Kinachopandisha bei ni jibini na zeituni. Ukiagiza dagaa, humusi, maharage na mkate peke yake unashuka chini sana na hutaona umepunjwa. Lipa taslimu au kwa simu.

Niende siku gani, saa ngapi?

Wanafungua Alhamisi hadi Jumapili, kuanzia saa 6 mchana mpaka chakula kiishe. Fika saa 10 jioni kama unataka kuona jua likizama. Kundi likizidi watu 6 mtume mtu siku moja kabla aseme. Sisi hatukusema, kwa kuwa hatukujua kama mahali papo, na walitupokea kwa kuunganisha meza tatu. Familia moja iliyokuja nyuma yetu ilibidi isubiri. Jambo hilo bado linaniuma.

Tunaweza kufanyia sherehe pale?

Siku ya kuzaliwa ya mtoto, ndiyo, na keki unaruhusiwa kuja nayo. Muziki wa spika, hapana. Jirani ana mgonjwa. Harusi na kipaimara tafuta ukumbi.

## Dini na afya

Chakula ni halali? Kuna pombe?

Nyama kidogo inayopikwa (kuku, na kondoo siku chache) inachinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Pombe haiuzwi. Kinywaji chao ni maji ya limau yenye nanaa, au juisi ya komamanga msimu wake.

Wakati wa Ramadhani na Kwaresma?

Ramadhani hufungua jioni tu, kwa futari, na tende huwekwa mezani bila malipo. Kwa anayefunga Kwaresma bila nyama, karibu kila kitu kinafaa. Waorthodoksi wa Ugiriki wana siku nyingi za kufunga nyama, maziwa na mayai, na ndiyo maana jiko lao lina mapishi mengi mno ya kunde na mboga peke yake.

Nina kisukari, au presha. Je, kinanifaa?

Kunde, mboga, samaki na mafuta ya zeituni ni vitu ambavyo wataalamu wa lishe wamevisifu kwa muda mrefu. Utafiti uliofanya ulaji huu ujulikane duniani, ule wa Ancel Keys wa Marekani katika nchi 7, ulianza mwaka 1958, na moja ya sehemu zake ilikuwa kisiwa cha Kriti. Lakini sahani moja haitibu. Mwenye presha aangalie zeituni na jibini, vina chumvi nyingi. Mwenye kisukari apunguze mkate mweupe na aiache asali. Daktari wako anakujua kuliko mimi.

Mtoto wangu ana mzio.

Uliza kabla ya kukaa. Ufuta umo kwenye humusi, karanga zimo kwenye andazi la asali, na vyombo vya kusagia ni hivyo hivyo.

## Mambo ya pembeni

Nilikwenda nikaambiwa hakuna dagaa. Kwa nini?

Angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwavuta juu, wavu unawapandisha. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima linang'aa, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Kwa hiyo nenda mwezi ukiwa haupo au mwembamba. Binti wa pale ana kalenda ya mwezi ukutani karibu na tanuri, na ndiyo anayopangia ununuzi.

Kuna jambo la pili. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho mgahawa hubaki na kunde, mboga na kuku. Usimlaumu mwenye mgahawa, na mtu akikuuzia dagaa wabichi wakati ziwa limefungwa jiulize wametoka wapi.

Umeme ukikatika, au mvua ikinyesha?

Umeme hauwasumbui, wanapikia mkaa na kuni, na ngano na ufuta husagwa mapema. Mvua ndiyo shida. Meza ziko uani, turubai ni moja. Kuanzia Novemba hadi Aprili tazama mawingu kabla hujamtoa mzee nyumbani.

Naweza kupika humusi nyumbani bila mashine?

Ndiyo, nimejaribu mara tatu, ya tatu ikatoka. Loweka kikombe kimoja cha dengu usiku kucha na magadi kidogo sana. Mwaga maji, suuza, chemsha hadi ukizibana kwa vidole zipondeke zenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaziondoa mapema. Kaanga vijiko 4 vya ufuta bila mafuta hadi unukie, usiache ubadilike rangi sana, utwange kwenye kinu hadi utoe mafuta yake. Twanga dengu humo humo zikiwa bado za moto, ongeza punje 2 za saumu, limau moja, chumvi, na maji baridi kidogo kidogo ukiendelea kutwanga. Maji baridi ndiyo yanayoifanya iwe nyeupe na nyororo. Huna zeituni? Mimina mafuta ya ufuta au alizeti, halafu nyunyiza pilipili ya unga.

Naruhusiwa kupiga picha?

Za chakula na ukuta, ndiyo. Za wapishi, omba.

Mzeituni unaweza kuota Kigoma?

Mti wenyewe unaweza kuishi, ni mgumu na unavumilia ukame. Shida ni matunda. Mzeituni unahitaji miezi ya baridi kila mwaka ndipo uchanue vizuri, na Kigoma haina baridi ya namna hiyo. Kwa kupanda kokwa ni vigumu zaidi: wakulima hupandikiza vikonyo, na kokwa iliyokwisha kulowekwa kwenye chumvi mara nyingi haioti kabisa.

Nimejibu kwa kirefu kwa kuwa swali hili aliuliza Bibi. Usiku ule alipofika nyumbani alifungua pindo la khanga, akatoa kokwa 3 alizozifunga pale mezani bila sisi kumwona. Nilimweleza habari za baridi na za chumvi. Akanisikiliza hadi mwisho, akaomba kopo la maziwa lililokwisha na udongo. Kopo liko karibu na simtangi, upande unaopata jua la asubuhi. Hadi leo ni udongo mtupu, na kila alfajiri akimaliza kuswali analimwagilia.